Nani alipe kreti ya soda? Filamu moja iliyoangaliwa na watu wanne

Swali

Mwalimu, shikamoo. Niko Pasua, Moshi. Jumapili jioni huwa tunakutana watu wanne kwenye saluni ya mwenzetu kule Majengo, na stori zetu ni muvi tu. Juzi tumejikuta sote tumeangalia muvi moja ya Kikorea, ile ya dereva wa tajiri anayesakwa na polisi na majambazi kwa wakati mmoja. Mimi niliiona kwenye king'amuzi, imeingizwa sauti za Kiingereza. Fundi simu aliwekewa kwenye flashi, ile iliyotafsiriwa na DJ. Binamu yangu anafanya kazi hotelini Arusha, huja akiwa mapumziko. Yeye aliiangalia kwa Kikorea na maandishi ya Kiingereza chini. Dogo mwenye saluni anasema aliiona kwenye simu.

Fundi anaapa yule mzee ni baba mzazi wa stelingi, binamu anasema ni bosi wake wa zamani tu. Fundi anasema tangu mwanzo ilijulikana kwamba rafiki yake ni msaliti, binamu anasema hilo linajulikana mwishoni kabisa. Dogo anasema stelingi anakufa. Fundi anasema hafi, anapanda ndege. Binamu anasema inaishia gizani tu, haijulikani. Mimi kuna vipande wanavyosimulia sijaviona kabisa. Tumewekeana kreti ya soda, nani alipe? Halafu kuna meku mmoja, mzee wa Kichaga, hukaa nje ya saluni, anasema John Wayne alikuja Arusha kucheza muvi, na kwamba ile muvi ya mlima wetu ilichezwa hapa hapa Moshi, na mwisho wake mgonjwa anapona. Nayo ni kweli?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kuandika maandishi ya Kiswahili chini ya filamu ndiyo kazi yangu hapa Arusha, na ubishi kama wenu huletwa kwangu na watu wa kila rika. Filamu yenyewe nimeitafuta nikaiangalia kwa Kikorea, kisha nikaitafuta ile ya DJ. Jina silitaji, maana kuna wasomaji hawajaiona na hapa nitagusa mpaka mwisho wake.

Hukumu kwanza, nisikuweke roho juu. Kuhusu mzee, binamu yako yuko sahihi: si baba yake. Kuhusu msaliti, fundi na binamu wote wako sahihi, na nitaeleza inakuwaje. Kuhusu kifo hakuna aliyeshinda, ila dogo kashindwa vibaya kuliko wengine. Wewe uliyekosa vipande huna kosa lolote, ulipunjwa.

Filamu ina picha na ina maneno. Picha mlizoona ninyi ni zilezile, ukiacha zile zilizokatwa au zilizowapita baadhi yenu. Maneno ndiyo yaliyobadilika kila yalikopita, na karibu kila mnachogombania kimetoka kwenye maneno. Kwa hiyo mtu akisema "stelingi alifanya hivi", msimuulize ana hakika kiasi gani. Wote mna hakika, ndiyo maana mmewekeana soda. Muulizeni: uliliona, au uliambiwa?

Nianze na dogo, maana kesi yake ni nyepesi. Huyo hakuangalia filamu. Aliangalia mojawapo ya zile video za mitandaoni ambazo mtu anasimulia filamu nzima kwa dakika kumi, sauti haipumui, vipande vinapita mbio. Anayetoka huko utamjua haraka: matukio yote anayo kwa mpangilio, tena kwa ufasaha kuliko aliyekaa saa mbili, lakini ukimuuliza gari la tajiri lilikuwa la rangi gani anabadilisha mada. Tena kuna mtego mzuri zaidi. Wanaotengeneza video hizo wanakwepa mitambo ya kutambua hakimiliki, kwa hiyo wengi huzigeuza picha, kushoto kukawa kulia. Korea Kusini magari hupita upande wa kulia wa barabara. Picha ikigeuzwa, yanaonekana kupita kushoto kama ya kwetu, na mabango ya dukani yanasomeka kinyumenyume. Muulize dogo, kwa upole tu, usukani wa lile gari ulikuwa upande gani. Akikujibu "upande wetu", umemkamata.

Kuhusu kifo, msimulizi wa dakika kumi huishia pale stelingi anapoanguka na skrini inakuwa nyeusi. Kwake hapo ndipo hadithi imefika kileleni, na kwa mtindo wa video zile kilele ndicho kinachobaki kichwani. Kinachofuata baada ya giza hakimpatii watazamaji, anakiacha. Kumbe kipo.

Fundi simu sasa. Huyu msimdharau, na DJ wake msimdharau. Kusimulia filamu kwa sauti ya mtu mmoja ni kazi yenye ukoo mrefu. Zamani za filamu bubu kule Japani alikuwepo msimulizi aliyesimama kando ya skrini, wakimwita benshi, akiwasemea wahusika wote, mwanamume, mwanamke na mtoto. Baadhi yao walivuta watazamaji kuliko waigizaji wenyewe. Watu walikwenda kumsikiliza fulani, filamu ikifuata. Kazi hiyo ilififia miaka ya 1930 filamu zilipoanza kusema zenyewe. Na miaka hiyohiyo, jirani yenu tu kule Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, kati ya 1935 na 1937. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri pembeni ya filamu, ili picha zilezile ziweze kusemewa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Yaani kutenganisha picha na maneno, jambo linalowagombanisha ninyi Majengo, lilikuwa ndiyo mpango wenyewe tangu wakati huo.

Bara televisheni ilichelewa. ITV ilianza 1994. Kabla na baada ya hapo kibanda umiza ndicho kilichokuwa sinema ya mtu wa kawaida: benchi, kanda ya VHS, jenereta, na mtu mwenye maikrofoni anayejua Kiingereza kidogo na utani mwingi. Dar es Salaam akatokea Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu na kusambaa nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Nikiambiwa nichague jioni moja kati ya ukumbi wenye viyoyozi pale Njiro, hapa Arusha, na banda la mtaa wa Unga Limited lenye DJ anayejua kazi yake, mara nyingi nitakwenda Unga Limited, bila kufikiri mara mbili. Habari ya nani amelipwa hakimiliki ni ndefu na chungu, leo siigusi.

Lakini mimi nakwenda pale kuburudika. Nikitaka kujua mzee ni nani wa nani, DJ simuulizi, na sababu iko kwenye namna anavyofanya kazi. Watu wawili wakirushiana maneno kumi na tano, yeye peke yake hawezi kuyasema yote, kwa hiyo anayakusanya: "Anamwambia kama hutaki kazi ondoka." Matusi na vitisho anavifanya vyetu, anaweka majina ya mitaa yetu, anasalimia mashabiki wake katikati ya mazishi. Hayo hayadhuru. Kinachodhuru ubishi wenu ni undugu. Mtazamaji wa banda anaingia amechelewa, anatoka kununua maji, anarudi, na DJ anahitaji kumshika mkono haraka. Njia ya haraka kuliko zote ni kusema huyu baba yake, yule shemeji yake, huyu dada yake wa tumbo moja. Ukishajua undugu unajua kwa nini watu wanalia na kwa nini wanalipiza kisasi, huhitaji maelezo mengine.

Katika filamu yenu kuna chambo cha ziada. Wakorea, kama sisi, humwita mtu mzima kwa jina la undugu hata kama hawana damu moja, na majambazi wa kwenye filamu zao wanaitana kaka mkubwa kutwa nzima. Dereva anamwinamia yule mzee, anammiminia kinywaji kwa mikono miwili, anageuza uso pembeni wakati yeye mwenyewe anakunywa. Machoni pa Mchaga au Mpare huo ni unyenyekevu wa mtoto kwa mzazi, na DJ akamalizia kwa mdomo. Lakini Wakorea wanakunywa hivyo mbele ya mkubwa yeyote, hata meneja wa ofisi. Na ukiangalia karibu na mwanzo, dereva anapofungua lile kabati la chuma, kuna picha ya zamani ukutani: mzee na vijana watano waliovaa sare moja ya kampuni ya teksi, dereva akiwa mmoja wao. Hakuna aliyeitafsiri picha ile, na haihitaji kutafsiriwa. Ni bosi wake wa zamani, kama alivyosema binamu.

Huku kwenye msaliti ndiko fundi anakopata pointi, na binamu yako asikasirike. DJ wengi wana tabia ya kutangulia hadithi. "Mwangalie huyu anavyocheka, huyu ni nyoka, mtaona." Anafanya hivyo makusudi, bandani raha ni kujua kabla ya stelingi, watu wapige kelele kumwonya. Kwa hiyo fundi aliangalia filamu ya mtu anayetembea kuelekea mtegoni huku sote tunajua. Binamu aliangalia filamu ya fumbo. Ungedhani basi binamu ndiye aliyeiona ilivyokusudiwa. Nami nilidhani hivyo mpaka niliporudia kile kipande cha kwanza cha mgahawani. Wakati stelingi anazungumza kuhusu deni la mama yake, rafiki yake aliyekaa mbele anaingiza mfukoni simu ya pili. Inaonekana wazi, upande wa kulia wa meza, haijafichwa. Mwelekezaji ametuwekea. DJ aliiona akasema. Binamu hakuiona, kwa sababu wakati huo macho yake yalikuwa chini anasoma habari ya deni.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia, na sitaitetea zaidi ya inavyostahili. Maandishi ya chini yana kipimo. Kampuni kubwa kama Netflix zinataka mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42, na maandishi yasikae kwenye skrini zaidi ya sekunde 7. Mhusika akisema haraka, mwandishi anachagua la kubaki na la kutupa. Heshima hutupwa mwanzo: namna ya kumwita mkubwa, salamu, dua, utani wa pembeni. Kinachobaki ni habari kavu. Binamu alipata habari kavu iliyo sahihi, ndiyo maana suala la mzee halikumchanganya, lakini kila sekunde aliyosoma ni sekunde ambayo hakuangalia uso wa mtu. Na asifikiri alisoma Kikorea. Alisoma Kiingereza cha mtu aliyetafsiri Kikorea. DJ wa fundi naye, kwa jinsi nilivyomsikia, alikuwa anasoma maandishi hayohayo ya Kiingereza kisha anayasimulia kwa Kiswahili. Wote wawili walichota kisima kimoja. Mmoja aliongeza, mwingine alipunguza.

Wapo watakaokuambia dawa ni kusikiliza "sauti ya kweli". Kwenye filamu hii sawa. Lakini lile kabila la filamu za ngumi tulizokulia, zile za Hong Kong za miaka ya 1970, nyingi zilirekodiwa bila sauti kabisa. Maneno yaliingizwa studio baadaye, mara nyingi na watu ambao hatukuwahi kuwaona sura. Sauti ya kweli huko haipo. Kuna ya kwanza na ya pili.

Haya, wewe na king'amuzi chako. Ulifanyiwa mambo matatu. Kwanza walikata. Kipande cha baa na kile cha bafuni havimo kwenye nakala nyingi zinazorushwa mapema usiku, na kwa bahati mbaya cha baa ndicho kinachoeleza funguo zilitoka wapi. Bila shaka ulishangaa stelingi amepata wapi funguo. Pili, sauti za Kiingereza zilizoingizwa lazima zifuate midomo, kwa hiyo mtafsiri huchagua maneno yanayofungua na kufunga mdomo wakati uleule, hata kama si yale yaliyosemwa. Ndiyo maana wahusika wako walikuwa wanajibizana kama watu waliogombana na koma. Tatu ni jambo ambalo watu wengi hawalijui: ulionyeshwa kwa haraka zaidi. Sinema hurekodiwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za sehemu zetu za dunia hurusha 25. Njia ya kale na rahisi ya kuziba pengo hilo ni kuikimbiza filamu kwa asilimia 4, na wengi bado wanaitumia. Jicho halishtuki, lakini filamu ya saa mbili inakwisha kwa dakika 115 bila kukatwa hata kipande. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "yangu ilikuwa ndefu, yako imekatwa" kwa kuangalia dakika peke yake. Yako imekatwa kweli, lakini dakika tano kati ya zilizopungua si za mkasi.

Sasa mwisho wa filamu. Stelingi anaanguka, giza, muziki. Majina ya waigizaji wakuu yanaanza kupanda. Kisha muziki unakatika na inakuja picha moja fupi: foleni ya uwanja wa ndege, mtu ameipa kamera mgongo, amevaa koti la kaki lenye kiraka kwenye kiwiko, koti la dereva. Uso hauonekani. Anapiga hatua mbele, majina yanaendelea. Wewe hukuiona kwa sababu kituo chako kiliingiza matangazo. Binamu hakuiona kwa sababu programu za kuangalia filamu hupenda kuipunguza picha majina yanapoanza na kumsukumia mtu filamu nyingine. Usipobonyeza haraka umeondolewa. Dogo tumeshamsema. Ni fundi peke yake, mwenye flashi, aliyeona picha ya mwisho. Heshima yake hiyo apewe.

Ila sasa mwambie arudie na azime sauti. DJ anasema, namnukuu kwa ufupi, huyo hapo stelingi wetu anakwenda zake. Bandani lazima aseme hivyo, stelingi hafi, watu wamelipa. Picha lakini inaonyesha koti. Na koti hilo tulishaona likivuliwa mara moja, lile tukio la kwenye lifti, likavaliwa na mtu mwingine. Mwelekezaji ametuachia swali akijua anachofanya. Mimi binafsi naamini si yeye, naamini ni yule kijana wa lifti, kwa jinsi anavyobeba begi begani kushoto. Hiyo ni imani yangu, na kreti ya soda haiamuliwi kwa imani yangu.

Kuna jambo moja zaidi la kuwaambia kabla hamjarudi saluni. Kila mkibishana, kumbukumbu zenu zinazidi kuharibika. Elizabeth Loftus na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 1974 jaribio ambalo nawasimulia wanafunzi wangu wote. Wanafunzi 150 walionyeshwa filamu fupi yenye ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa kwenye mwendo gani yalipobamizana. Hamsini wengine waliulizwa vilevile, ila kwa neno jepesi zaidi, yalipogongana. Waliobaki hawakuulizwa habari ya mwendo. Wiki moja baadaye wote waliulizwa: uliona vioo vilivyovunjika? Havikuwepo kabisa kwenye filamu. Lakini katika kundi la "kubamizana" watu 16 walisema waliviona. Katika kundi la neno jepesi, 7. Katika wale wasioulizwa, 6. Neno moja la muulizaji, wiki nzima baadaye, limewatengenezea watu vioo. Sasa fikiria DJ anayezungumza juu ya picha kwa saa mbili, halafu ongeza Jumapili kadhaa za fundi kupiga meza. Simshangai akiapa kwamba aliona dereva akimwita mzee baba. Anakiona kweli kichwani mwake.

Kwa hiyo msibishane tena kwa mdomo. Chukueni ile ya fundi, maana ina picha zote, muwekeni dogo asishike rimoti, zimeni sauti, mwende moja kwa moja kwenye kabati la chuma, mgahawa, lifti na foleni. Haichukui hata dakika ishirini. Aliyesema kitu aoneshe kilipo.

Soda: kreti ni chupa 24. Ningekuwa mimi, dogo anunue nusu, kwa kubishia filamu ambayo hakuiangalia. Fundi na binamu wagawane nusu nyingine, kila mmoja kashinda moja na kashindwa nyingine. Wewe unywe bure.

Meku sasa, na nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyenifurahisha zaidi.

John Wayne alikuja, kweli kabisa. Filamu inaitwa Hatari!, ya mwelekezaji Howard Hawks, na sehemu kubwa ya picha zake za nje zilichukuliwa huku kaskazini kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi 1961, nyingi maeneo ya Momella chini ya Mlima Meru. Ni habari za watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama ng'ambo, na magari mnayoyaona yakifukuza vifaru na twiga yalifukuza kweli. Waigizaji walikuwemo ndani. Iliporekodiwa hapa palikuwa Tanganyika ya Mwingereza. Ilipotoka 1962 tulikuwa tayari tumepandisha bendera yetu. Ina dakika 157, hivyo kwenye televisheni iliyokimbizwa mtaipata kwa dakika kama 151, msije mkaanza ugomvi mwingine. Mwigizaji mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella akanunua shamba huko na kuishi kwa miaka. Alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 93. Meku akisema alimwona mzungu huyo mjini Arusha enzi hizo, mimi sina sababu ya kumkatalia.

Ile ya mlima ni jambo jingine. The Snows of Kilimanjaro ilitoka 1952, imeelekezwa na Henry King, na ndani yake wamo Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner. Hawakuja Moshi. Nyota hao walichezea studio Hollywood, na picha za nyika na wanyama zilichukuliwa na kikosi kingine kilichotumwa Afrika Mashariki, upande wa Kenya. Kwa hiyo Gregory Peck alipokuwa kitandani akiutazama mlima wenu, aliokuwa anautazama ni ukuta wa studio. Waelezeni watoto wa Moshi taratibu.

Mgonjwa anapona? Kwenye filamu anapona, meku yuko sahihi. Lakini kama kuna mtu pale saluni aliyesoma kitabu akasema anakufa, naye yuko sahihi, na hapo kosa si la DJ wala la king'amuzi. Filamu ilitokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, na katika hadithi hiyo mgonjwa, Harry, anakufa kwa kidonda cha mguu kilichooza, usiku, mkewe akiamshwa na kilio cha fisi. Hollywood walimponya. Stelingi hafi ni sheria ya zamani sana, na haikutungwa bandani.

Mkiitafuta kwenye duka la muvi, mwambieni anayewawekea kwenye flashi kwamba mnataka ya 1952. Kuna ya Kifaransa ya mwaka 2011 yenye jina hilohilo, imeelekezwa na Robert Guédiguian, inahusu wafanyakazi wa bandari ya Marseille waliopunguzwa kazini. Ni filamu nzuri, huenda nzuri kuliko ile ya Peck, lakini mkae mkijua mlima humo haumo.